KUFUNDISHA KUTAFUTA HITILAFU: SOMO LA INJINI KUUKUU YA MASHUA

Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi huelezwa mapema kwamba somo la Sayansi lianze na kitu ambacho watoto wanakifahamu. Kanuni hiyo ni njema, lakini ina mtego ndani yake. Kitu wanachokifahamu watoto chaweza kuwa kitu ambacho mwalimu mwenyewe hakifahamu vema. Mwalimu anapojikuta katika hali hiyo, mara nyingi huuficha upungufu wake kwa kusema mengi na kutenda kwa haraka.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kulifundisha darasa kutafuta hitilafu kwa utaratibu, hata pale ambapo yeye mwenyewe hajui jibu. Mfano tutakaoutumia ni injini ya kupachika ya mashua, ile iliyochakaa ambayo wavuvi wa pwani na wa maziwa yetu huitengeneza tena na tena. Kwa mtoto wa mvuvi jambo hili si la mchezo. Injini ikizimika nje ya mwamba wakati wa kusi, mtu aliyemo chomboni ana muda mfupi tu wa kufikiri kabla upepo na mkondo havijamsukuma kunako mawe. Mwenye mazoea ya kufikiri kwa utaratibu hutumia muda huo vizuri. Asiye na mazoea hayo huendelea kuvuta kamba mpaka mikono inamwishia nguvu.

Somo lililoharibika

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye kijiji kimoja cha wavuvi, kusini mwa Dar es Salaam, mzee mmoja alikubali kuileta injini yake shuleni. Tuliifunga juu ya ubao imara, sehemu ya chini ikazama katika pipa la maji. Mzee alivuta kamba mara tatu, injini ikawaka, watoto wakashangilia. Baada ya dakika chache ilianza kukohoa, kisha ikazimika na ikakataa kuwaka tena.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma habari za kabureta. Basi, pasipo kumwuliza mtu yeyote neno, nilishika bisibisi na kuanza kuifungua kabureta mbele ya darasa, huku nikitaja jina la kila sehemu. Kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kilianguka mchangani. Kipindi cha dakika 40 kilimalizika huku watoto wote wakiwa wamepiga magoti kukitafuta.

Watoto walipokwisha kuondoka, mvulana mmoja wa darasa la sita alibaki nyuma. Alikiendea kifuniko cha tangi la petroli, akagusa skrubu ndogo iliyo juu yake, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Hii imefungwa. Baba huifunga akibeba tangi ili mafuta yasimwagike.” Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Alijibu, “Nilidhani umeiona, Mwalimu.”

Ile ilikuwa ni skrubu ya hewa. Ikifungwa, hewa haiingii tangini kujaza nafasi ya mafuta yanayotoka. Baada ya dakika chache mafuta hushindwa kutiririka, na injini huzima. Dawa yake ni kuifungua kwa vidole viwili. Kabureta haikuwa na kosa lolote mpaka nilipoigusa mimi.

Nimeyasimulia haya kwa sababu kosa langu la kwanza halikuwa la ufundi. Lilikuwa ni kosa la ufundishaji. Darasani mlikuwa na mtoto aliyejua jibu, na somo nililoliandaa halikuwa na nafasi hata moja ya yeye kulisema.

Kwa nini injini kuukuu

Injini mpya nyingi huongozwa na vifaa vya elektroniki, na baadhi yake haziwezi kupimwa barabara bila chombo maalumu cha fundi. Injini kuukuu ya mipigo miwili haifichi mambo yake. Mtoto huona mahali mafuta yanapopita, huiona cheche, huusikia mgandamizo kwa kidole chake. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hiyo ni zana ya kufundishia ambayo fedha za shule zisingeweza kuinunua, nayo hupatikana kwa kuazimwa.

Tena kuazima kwenyewe ni sehemu ya elimu. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alilalamika kwamba shule zilikuwa zikiwafanya vijana waamini kuwa maarifa yote ya maana hupatikana vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwa hiyo wakayadharau maarifa ya wazee wao. Mvuvi anapokaribishwa darasani awe mwalimu wa saa moja, watoto huona kwa macho kwamba maarifa yana milango mingi.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Si lazima mwalimu awe fundi. Yatosha ajue kwamba injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: kwanza, mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri inayofaa; pili, cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake; tatu, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Injini isiyowaka imekosa angalau moja kati ya hayo matatu. Kutafuta hitilafu, basi, ni kuuliza ni lipi lililokosekana, kisha kulifuata mpaka kwenye chanzo chake.

Shahidi mkuu ni plagi. Kamba ikiisha kuvutwa mara kadhaa bila injini kuwaka, plagi hufunguliwa na ncha yake kutazamwa. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Kwa hiyo tuishuku cheche, au tuseme mafuta yamezidi. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Turudi nyuma kuifuata njia yake kutoka tangini. Ikiwa nyeusi yenye masizi na mafuta mazito, huenda oili imezidi katika mchanganyiko, au plagi imechoka. Kwa kuitazama plagi peke yake tumekwisha kupunguza njia za kufuata, na hatujafungua kabureta.

Mpango wa somo

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, katika vipindi viwili vinavyofuatana.

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze kueleza dalili aliyoiona, kutaja sababu mbili zinazoweza kuileta, na kuonyesha jaribio moja la kutenganisha sababu hizo.

Zana: injini kuukuu na tangi lake, pipa la maji, spana ya plagi, plagi mpya, kitambaa kikavu, chupa mbili za kioo, mafuta ya taa kidogo, maji, na ubao.

Tahadhari: Petroli huwaka upesi, na mvuke wake hutambaa chini mpaka mbali. Somo lifanyike nje, penye upepo na mbali na jiko, sigara au kiberiti. Moshi wa injini nao una sumu, usikusanyike chumbani. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Watoto wasiishike petroli. Rafadha iondolewe kabla injini haijawashwa ndani ya pipa, na watoto wasimame nyuma ya mstari uliochorwa ardhini. Injini isiwashwe kamwe pasipo maji, kwa kuwa pampu yake ya kupozea ina pangaboi la mpira ambalo huungua upesi likizunguka kavu.

Hatua ya kwanza: kuona na kusema. Mwenye injini aiwashe au ajaribu kuiwasha. Mwalimu asieleze lolote. Aulize, “Mmeona nini? Mmesikia nini? Mmenusa nini?” Kila jibu liandikwe ubaoni, upande wa kushoto, chini ya neno DALILI. Mtoto akisema, “Kabureta imeharibika,” mwalimu amrudishe kwa upole: “Hiyo ni sababu unayoidhania. Umeona nini kilichokufanya uidhanie?” Hapa ndipo mtoto anapojifunza kutenganisha kile alichokiona na kile anachokifikiria. Si jambo jepesi, hata kwa watu wazima.

Hatua ya pili: kudhania. Upande wa kulia paandikwe SABABU ZINAZOWEZEKANA. Kila mtoto apewe nafasi, na mwenye injini awe wa mwisho kusema. Akitangulia yeye, watoto watanyamaza.

Hatua ya tatu: kupanga. Darasa lijadili ni sababu ipi ichunguzwe kwanza. Kanuni ni mbili. Kwanza, anza na jambo linaloweza kuchunguzwa bila kufungua kitu chochote. Pili, anza na lile linalotokea mara nyingi. Kwa hiyo skrubu ya hewa, kiasi cha mafuta tangini, swichi ya kuzimia na kamba yake ya usalama, gia kuwa mahali pa huru, na mpira wa mafuta kushika vizuri, yote hayo hutangulia spana.

Hatua ya nne: kujaribu, jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu akibadilisha plagi, akasafisha chujio na kumwaga mafuta ya zamani kwa mara moja, injini yaweza kuwaka, lakini hatajua ni lipi lililoiponya. Safari ijayo, akiwa baharini, atalazimika kuanza upya.

Hatua ya tano: kuthibitisha. Injini ikiwaka, hitilafu irudishwe kwa makusudi ikiwa haina hatari. Skrubu ya hewa ifungwe tena, darasa lingoje. Injini ikizimika kama mwanzo, dhana imethibitika. Kisha ifunguliwe, na injini iwashwe.

Mwanachuo aliyesoma nadharia ya elimu atatambua kwamba hatua hizi zinakaribiana na zile alizozieleza John Dewey katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910: kuhisi tatizo, kulibainisha, kupendekeza ufumbuzi, kuupima pendekezo hilo kwa kufikiri, kisha kulijaribu. Wavuvi wetu hawakumsoma Dewey. Bahari imewafundisha hayo hayo.

Majaribio manne ya kufanywa darasani

(a) Maji katika mafuta. Mimina mafuta ya taa na maji katika chupa moja, itikise, iache itulie. Mafuta hukaa juu, maji chini. Petroli nayo ni nyepesi kuliko maji. Waulize watoto: ikiwa bomba la tangi hunyonya kutoka chini, injini itapata nini kwanza? Kutokana na jaribio hili wataeleza wenyewe kwa nini injini hukohoa baada ya mvua kuingia tangini, na kwa nini mvuvi mwangalifu humimina kidogo katika chupa na kukitazama kabla ya safari.

(b) Pampu ya mkono. Ile pampu ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta huminywa kabla ya kuwasha. Ikiwa ngumu, mafuta yamefika kwenye injini. Ikibonyea na kubaki bapa, kuna kizuizi upande wa tangi, au skrubu ya hewa imefungwa. Ikiwa haiwi ngumu kamwe, huenda tangi ni tupu, mpira unavuta hewa mahali fulani, au vali za pampu zimechakaa. Mwache mtoto mmoja mmoja aiminye pampu ambayo haina mafuta ndani, ajue inavyojisikia.

(c) Cheche. Jaribio hili lifanywe na mwalimu au fundi peke yake, baada ya tangi kuondolewa mbali na mafuta yaliyomwagika kukauka. Plagi huchomekwa katika kofia ya waya wake, mwili wake wa chuma hugusishwa kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda, na kamba huvutwa. Cheche ya buluu inayolia ni njema; cheche nyekundu iliyofifia, au kutokuwepo kwa cheche, kunaonyesha hitilafu ya plagi, waya, koili au swichi. Plagi isishikwe kwa mkono mtupu.

(d) Hesabu za oili. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Iwapo kitabu cha injini kinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, lita 20 zitahitaji mililita 400. Injini nyingine ya zamani yaweza kutaka 25 kwa 1. Mililita 400 zilezile zitatosha lita 10 tu. Waulize wanafunzi: mvuvi aliyeazima mafuta ya jirani mwenye injini ya kwanza, akayatia katika injini ya pili, amefanya nini? Ameipunguzia oili kwa nusu, na pistoni yaweza kuungua. Hesabu ya uwiano inayomgharimu mtu injini yake haisahauliki upesi.

Dalili nyingine ambazo mwalimu azijue

Injini inanguruma lakini mashua haiendi: katika injini nyingi ndogo za zamani, rafadha hushikwa na pini laini. Rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika ili meno ya gia yapone. Mzee wetu alilifundisha jambo hili vizuri kuliko ningeweza mimi. Aliinua pini iliyokatika, akasema, “Hii imekufa kwa niaba ya wenzake.” Kisha akawaonya watoto kwamba mtu anayetia msumari wa chuma mahali pake ataokoa pini na kuvunja gia.

Mkondo mdogo wa maji haurushwi pembeni: pampu ya kupozea haifanyi kazi, au njia ya maji imezibwa na mchanga au chumvi. Injini izimwe mara moja. Zipo injini chache za zamani zisizo na tundu hilo, mwenyewe aulizwe.

Oili ya gia inafanana na maziwa: maji yameingia kwa kupita kwenye mpira wa kuzuilia uliochakaa. Mpira huo ubadilishwe kabla ya kutu kula gia.

Injini imeanguka baharini: ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, plagi zitolewe, maji yamwagwe kutoka silindani, oili itiwe, na fundi aione siku hiyo hiyo. Chuma kilicholowa maji ya chumvi huanza kushika kutu upesi mara kinapopata hewa.

Pengine mwanafunzi atataka kwenda mbele zaidi, kufungua silinda au kuondoa gurudumu zito la juu. Hapo mwalimu aseme wazi kwamba mpaka wa darasa umefika, na kazi iliyobaki ni ya fundi. Kuujua mpaka huo ni sehemu ya ufundi.

Somo lililorudiwa

Juma lililofuata, mzee alikuwa amekwisha kupata kipande kingine cha kabureta, nami nikarudia somo. Safari hii nilishika chaki tu. Hitilafu tuliiandaa pamoja na mzee bila watoto kujua: tuliulegeza mpira wa mafuta pale unapoungana na injini. Dalili zilijaa ubao. Plagi ilipotolewa ilikuwa kavu. Msichana mmoja ambaye hakuwa wa familia ya wavuvi aliuliza, “Kama tangi limejaa na skrubu iko wazi, mafuta yanaishia wapi?” Darasa zima likageuka kuutazama mpira. Yule mvulana wa skrubu aliinua mkono, lakini hakusema jibu. Alisema, “Tuufuate tangu tangini.” Waliufuata kwa macho, shubiri kwa shubiri, mpaka wakafika.

Kupima matokeo

Mtihani wa kutaja majina ya sehemu za injini hautatuonyesha kama somo limefaulu. Yafaa mwalimu awape wanafunzi dalili ambayo hawajapata kuiona, tena katika kitu kingine: baiskeli ambayo mnyororo wake hutoka kila mara, tochi isiyowaka, pampu ya kisima isiyotoa maji. Mwanafunzi aliyeelewa hatakimbilia jibu. Atauliza kwanza limetukia lini, limetanguliwa na nini, na ni kipi kinachoweza kuchunguzwa pasipo kufungua kitu.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa mwalimu methali hiyo ina maana pana zaidi: namna anavyouliza ndiyo inayowafungulia wengine nafasi ya kusema. Mwalimu asiyejua injini, lakini anayejua kuongoza maswali, atawafaa watoto kuliko yule anayejua injini na kuyajibu yote peke yake. Kabla hujashika bisibisi mbele ya darasa, geuka uwatazame wanafunzi wako. Huenda mmoja wao ameiona ile skrubu, naye anadhani kwamba wewe pia umeiona.

Mazoezi ya kujadiliana chuoni

1. Andika andalio la kipindi cha kwanza cha somo hili kwa shule isiyo karibu na bahari wala ziwa. Ni kitu gani utakitumia badala ya injini ya mashua?

2. Mwanafunzi anasema, “Plagi ni mbovu, Mwalimu,” na kwa kweli ni mbovu. Utamjibu nini ili wenzake waendelee kufikiri?

3. Injini huwaka vizuri ikiwa baridi, lakini hukataa ikipata moto. Orodhesha sababu tatu unazozidhania, kisha uzipange kwa utaratibu wa kuzichunguza, na ueleze kwa nini umezipanga hivyo.

4. Jadilini: ni lini mwalimu anapaswa kulieleza darasa waziwazi kwamba hajui?